Kopo la Machungwa na Kopo la Ndimu

Siku ya pili ya matanga ya Shangazi Zuhura, kisomo kimekwisha, wanawake tumejaa ghorofa ya pili ya nyumba yake ya mtaa wa Malindi na kahawa imeanza kuzunguka, Bi Asya akafungua mdomo. Nilijua ataufungua. Bi Asya ameshapita miaka themanini, masikio hayamsaidii tena, na kama wengi wasiosikia, husema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Marehemu alikuwa na mkono, Mungu amrehemu," alisema. "Udi wake, achari yake, nani alompata? Singo tu ndo ilomshinda. Mwaikumbuka ile singo ilomuunguza mwanawe mwenyewe, karibu harusi ivunjike?" Wakubwa wakatikisa vichwa kwa huruma. Wasichana wakataka kujua ilikuwaje, na Bi Asya akawahadithia kwa starehe, kwa kuwa bwana harusi mwenyewe alikuwa mtoto wa kaka yake. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na dele la kahawa mkononi. Singo ile, unga wa kumsugulia bi harusi, niliitwanga mimi. Aliyeiharibu ni mimi, nimelijua hilo kwa miaka arubaini na tano, na Shangazi tulikuwa tumemzika jana yake akiamini kuwa aliyekosea ni yeye. Nilimmiminia Bi Asya kahawa, nikamuuliza kama anataka na halwa, nikapanda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Huko, mikono imo majini, nilijiona mtu mdogo sana kwa umri wangu. Usiku wake sikulala vizuri, na asubuhi nikaanza kuukumbuka mwaka ule tangu mwanzo wake, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta alipodondosha ufunguo.

Nilihamia nyumba ile nikiwa na miaka kumi na minane, nimemaliza skuli, natokea Bububu na begi moja. Kwa nini nilipelekwa kwa Shangazi ni habari ndefu na haina faida hapa. Siku ya kwanza nilipewa chungwa, nikalila dirishani huku nikitazama watu wanavyopita kichochoroni, na nilipomaliza nikaliachia ganda lianguke chini. Shangazi alikuwa nyuma yangu. "Umetupa nini?" "Ganda, Shangazi." "Ganda la nini?" "La chungwa." "Kaliokote." Nilidhani ananitania. Ngazi za nyumba ile ni za mbao na zimesimama wima, nikazishuka zote, nikaliokota lile ganda mbele ya wazee waliokaa barazani, nikazipanda tena. Alilipokea, akalipangusa kwa kanga yake, akalinusa pande zote mbili, akaliweka kwenye ungo uliokuwa umejaa maganda mengine. "Nyumba hii hakitupwi chenye harufu," akasema. Nikajiambia kuwa nimeletwa kwa mwendawazimu, na kwamba nitakaa mwezi mmoja tu.

Jiko lilikuwa juu kabisa, nusu yake chini ya bati na nusu uwanja wazi wa kuanikia. Ukutani palikuwa na ubao mrefu, na juu ya ubao makopo tisa ya samli, yote sawasawa, hayana alama hata moja. La kwanza la karafuu, la pili la mawaridi makavu, la tatu la maganda ya machungwa, na kwenye ncha ya pili kabisa, mbali na mengine, kopo la maganda ya ndimu. Nilimuuliza Shangazi kwa nini asiandike majina, nikamwambia nitamwandikia mimi, nina mwandiko mzuri. "Pua ulopewa ni ya kuvalia kipini tu?" akanijibu. Alikuwa mwanamke mfupi, mweupe, mwenye macho ya kudadisi, na kwa kweli hakuwa na haja ya maandishi. Aliweza kusimama mlangoni akakwambia sokoni umepita upande gani. Sijawahi kumwona akifungua kopo akakosea.

Mwaka ule sabuni ilikuwa ya kupanga foleni na mafuta ya taa yakisikika tu kwa jina, kwa hiyo maganda yalikuwa na kazi nyingi kuliko mimi. Asubuhi seredani ikiwashwa kwa maganda makavu ya machungwa. Yakishika moto hutoa mafuta, yakatatarika, na mkaa ukakolea kabla sijamaliza kupiga miayo. Ndimu zikishakamuliwa, nilichovya maganda yake kwenye chumvi na jivu nikasugulia masinia ya shaba mpaka nikaiona sura yangu ndani yake, imenuna. Tukipika ngisi, ubao na vidole vilisuguliwa kwa ganda la limau, na hapo ndipo uliporuhusiwa kugusa kitu kingine. Ndani ya pipa la mchele mlikuwa na maganda ya danzi ya kuzuia fukusi. Nguo kwenye kasha zililazwa na maganda ya chenza na karafuu, nondo wasiziguse, na hata kanga yangu ya kudekia ikawa inanukia sikukuu. Ganda la balungi Shangazi alilichemsha mara tatu, akamwaga maji mara tatu, kisha akalipika kwa sukari na iliki, na wageni wakala wakilisifu kwa kudhani ni boga. Sukari nayo ilikuwa ya shida, kwa hiyo wageni hao walichaguliwa.

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, yeye akijilaza kidogo, mimi nilichukua kikapu nikaenda Darajani kukusanya maganda kwa wamenyaji wa machungwa. Wao walimenya kwa kisu kidogo, chungwa likizunguka mkononi, na ganda likashuka utepe mmoja mrefu wa kijani. Watu wengine waliokuja kuyachukua walikuwa wafuga mbuzi, kwa hiyo haikuchukua siku mbili wakaanza kunitania. "Mbuzi wa Bi Zuhura hajambo?" "Hajambo, anakusalimu. Kasema nyinyi ndugu." Wakicheka, wakanijazia kikapu. Nikirudi niliyatandaza kwenye nyungo, yale ya kuwashia moto juani, na yale ya singo kivulini, ndani, kwa wiki tatu nzima. Singo ndiyo iliyokuwa kazi ya fahari ya Shangazi: ule unga wa mawaridi, karafuu na liwa, unaovurugwa kwa marashi, bi harusi akasuguliwa nao mwili mzima kwa siku saba kabla ya harusi mpaka ngozi ikawa laini na harufu ikamwingia. Walikuwapo watwangaji wengine mjini, lakini singo ya Shangazi ilikuwa na ganda la chungwa ndani yake, na wanawake walitoka hadi Makunduchi kuifuata. Walikuja wakinong'ona, wakakaa naye chumba cha mbele, nami nikipeleka sharubati nilisikia vipande vya mazungumzo ambavyo msichana wa umri wangu hakupaswa kuvisikia. Nilivisikia vyote.

Kulikuwa na sharti moja ambalo alinitajia wiki ya kwanza na akalirudia mara nyingi. "Ganda la ndimu ni la vyombo. Mwilini halendi." Nilimuuliza kwa nini. "Kwa sababu nshasema." Sidhani kama alificha kitu. Naye aliambiwa hivyo hivyo na mamake, akalishika bila ya kuuliza, na mimi kilichonikera ni huko kushika bila ya kuuliza. Nilikuwa msomi wa darasa la kumi na mbili. Niliamini kwamba ganda ni ganda.

Nasra alikuwa binti yake wa pekee, ananizidi mwaka mmoja, na tulilala chumba kimoja. Alikuwa ameposwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi Maskati, huyo mtoto wa kaka yake Bi Asya. Watu hupenda kusikia kwamba alilazimishwa, lakini hakulazimishwa. Picha ya kijana aliipenda, akaificha ndani ya mto, na akaitoa mara nyingi kuliko alivyodhani mimi naona. Tulicheka sana chumba kile. Jambo moja tu sikulitilia maanani. Siku moja alikuja mgeni kutoka Maskati, mwanamke mnene mwenye bangili nyingi, na wakati tunakula wali na mchuzi wa papa Nasra akamuuliza kama mtu akiwa ndani ya ndege anausikia upepo. Yule mama akasema hasikii kitu. "Na ikishuka, inashuka polepole au inaanguka?" Mama akacheka mpaka bangili zikalia, na Shangazi akamwambia bintiye amwache mgeni ale.

Nasra alitakiwa kuwekwa ndani, asitoke nje mpaka harusi, mwisho wa masika. Wiki mbili kabla ya hapo Shangazi alishikwa na mafua mabaya, kichwa amekifunga kitambaa, macho mekundu, na bado hakukubali kulala. Katika hali hiyo hiyo alipanda jikoni akayajaza makopo yake kwa ajili ya singo ya mwanawe. Maganda ya machungwa nilimletea mimi, na yalikuwa hayajakauka sawasawa. Niliyatoa kabla ya siku zake kwa sababu ungo ulikuwa umenichosha kuugeuza na mvua haikatiki. Kwa pua yake ya kawaida angenirudisha nayo. Siku ile aliyamimina ndani ya kopo, akafunika, akapiga chafya, akashuka.

Asubuhi ya kutwanga nilipofunua kopo la tatu, ukungu wa kijivu ulikuwa umejaa mpaka mdomoni. Nakumbuka nilivyosimama na kifuniko mkononi. Chini nilisikia Shangazi anakohoa na kuniita, "Rukia!" nami nikaitika "Naam!" kwa sauti ya mtu asiye na neno. Machungwa yalikuwa yameadimika sokoni, na hata kama yangepatikana ya kutosha, wiki tatu za kukausha ningezitoa wapi? Ningeweza kushuka nikasema. Angenikasirikia, angenitukana matusi yake ya adabu, singo ingetwangwa bila ya chungwa, basi. Badala yake niliyafunga yale maganda yaliyooza ndani ya gazeti, nikalisugua kopo, nikaenda kwenye ile ncha ya pili ya ubao nikateka maganda ya ndimu. Yakishatwangwa yalikuwa na rangi ile ile. Shangazi alikuja akakaa kwenye kibao, akanielekeza vipimo kimoja kimoja. "Chungwa limetiwa?" "Limetiwa, Shangazi." Akainamia kinu, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. "Leo sisikii kitu. Haya, nakuamini."

Nilimsugua Nasra mwenyewe, asubuhi kwa asubuhi, kwenye mkeka wa chumbani kwetu, madirisha yamefungwa. Singo ikikauka nikaipangusa kwa kitambaa, kwa kuwa sabuni ilikuwa haimgusi bi harusi wiki ile. Mimi mikono yangu niliiosha. Siku tatu za mwanzo alikuwa anang'aa, na nikajipongeza kimoyomoyo. Siku ya nne mashavu yakawa mekundu. Ya tano yakatoka malengelenge, mashavuni, puani, na kwenye migongo ya viganja. Ya sita ngozi ile ikaanza kugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Jambo la ajabu ni kwamba mwili uliobaki ulikuwa safi, na paji la uso pia, safi kabisa, kana kwamba mtu alikuwa amemchorea mstari juu ya nyusi. Nasra alilia kidogo tu. Alikaa akijitazama kwenye kioo cha mkononi, na nilipomuuliza kama inamuuma alisema, "Acha tu. Ndo stahiki yangu." Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye homa.

Shangazi alikuwa ameanza kupata nafuu. Alinusa unga uliobaki kwenye kinu na nikaona uso wake unavyobadilika. "Ndimu," akasema. Kisha akanigeukia. "Ulishusha kopo lipi?" Hapo palikuwa na nafasi ya pili, na pana kuliko ya kwanza. "La tatu, Shangazi. Kama siku zote." Akanitazama kwa muda, lakini si kwa kunishuku, alikuwa akikumbuka. "Basi nlijaza vibaya mie," akasema taratibu. "Siku ile ya homa. Nlijaza vibaya kwa mikono yangu."

Siku ya pili yake akaja Bi Asya na wanawake wawili wa upande wa bwana harusi. Wakati ule alikuwa mtu wa makamo, anasikia vizuri, na amevaa vizuri. Nilileta sharubati nikaambiwa nikae. Walimwita Nasra, wakamshika kidevu, wakamgeuza huku na huku, wakamrudisha chumbani. "Bi Zuhura," Bi Asya akaanza, "sisi hatuna neno na wewe. Lakini mtoto anakwenda nchi ya watu. Kama ana maradhi ya ngozi, bora tuambiwe sasa, tusubirishe. Kwani haraka ya nini?" Kila mtu chumbani alijua kusubirisha maana yake nini. Harusi iliyosubirishwa kwa maradhi ya ngozi haifungwi tena, na msichana haposwi na mwingine. Shangazi alikuwa na njia mbili tu: aseme mwanawe mgonjwa au aseme singo yake mbovu. Hakufikiri sana. "Mwanangu mzima. Ni singo yangu. Nlikuwa na mafua, nkachanganya ndimu na chungwa. Itafutika, haiachi kovu." Bi Asya akaweka glasi chini. "Wewe, Bi Zuhura? Na mikono yako hiyo?" "Mie. Mkamwambie kila mtu, ili wasimsingizie mtoto." Nilikuwa nimekaa mkono wangu unagusa mkono wake. Sentensi moja yangu ingewaokoa mama na mtoto kwa pamoja, na nilikuwa nayo mdomoni, imeshapangika, na sikuitoa. Niliogopa kurudishwa Bububu. Sina sababu kubwa zaidi ya hiyo, na nimeitafuta.

Harusi ikafungwa. Nasra alipakwa poda nyingi, akafunikwa, watu wakala pilau wakaondoka wakimsema Shangazi. Wiki ya pili tulimsindikiza uwanja wa ndege, na sisi wote tulioogopa kuwa atalia tulistaajabu: aliiendea ndege kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, akapanda ngazi, akageuka mara moja kutupungia, akaingia. Nasi tukarudi mjini. Bi Asya alikuwa ameshaitekeleza amri ya Shangazi, akamwambia kila mtu. Wanawake walioagiza singo walituma salamu kwamba wamebadilisha tarehe, kisha tukasikia wamekwenda kwa mtwangaji wa Vuga. Shangazi hakulalamika. Alikiinua kinu cha singo, akakiosha, akakifunika kwa gunia chini ya ngazi. Achari aliendelea nayo, udi aliendelea nao, na maganda yaliendelea kuja. Mimi nilimaliza mwaka ule nimejifunza kila kitu anachojua isipokuwa hicho kimoja. Hakunifundisha, na mimi sikuwa na uso wa kumwomba.

Niliolewa mjini hapo hapo, nikabaki karibu naye, na miaka ya mwisho ni mimi niliyemlisha na kumvika. Watu walinisifu kwa hilo, nami nilizipokea sifa. Alilolikumbuka mara kwa mara halikuwa wateja wala fahari. Lilikuwa lile paji la uso. Tukikaa kuchagua mchele, ghafla alikuwa akisema, "Lakini singo kapakwa uso mzima. Mbona hapa juu hapana kitu?" Mwaka ule ule aliwahi kujipaka ganda la ndimu mkononi, akakaa nalo ndani siku nzima, akisubiri liunguze. Halikuunguza. "Wallahi sielewi," akaniambia, akiunyoosha mkono wake mzima mbele yangu. Baadaye sana binti yangu aliyesomea uuguzi alinieleza kwamba ndimu peke yake haimfanyi mtu kitu, ila ikipigwa na jua juu ya ngozi ndipo inapochoma. Nilifurahi sana siku ile, na naona haya kusema nilifurahia nini. Nasra alikuwa ndani, madirisha yamefungwa. Jua lingempata wapi? Basi haikuwa ndimu yangu, nikajiambia, kilikuwa kitu kingine, na cha kusema sina. Kisingizio hicho kilinitosha miaka ishirini.

Nasra aliwasili siku ya tatu ya matanga. Amekuwa bibi mnene mwenye wajukuu tisa na magoti mabaya. Tulilia tulivyolia, kisha adhuhuri nikampandisha jikoni, mbali na watu, nikampakulia wali na samaki wa kupaka. Alikula kama mtu aliyesafiri. Nikamuuliza safari. "Ndege saa hizi ni kama gari," akasema. "Na mie nlivyokuwa naiogopa! Unajua nlitoroka?"

"Ulitoroka lini?"

"Wiki ile nlowekwa ndani. We ukenda Darajani na kikapu chako, mama kalala, mie natia buibui nashuka. Nikapanda gari mpaka Kiembe Samaki, nikasimama nimeshika seng'enge ya uwanja wa ndege. Nlitaka kuona watu wanashuka wazima, basi. Siku tatu, Rukia, jua la saa saba. Nikisimama hivi." Akauinua mkono wake wa kulia, wenye mchuzi, akauweka juu ya nyusi kukinga macho.

Niliutazama ule mkono na kivuli chake. Kilifunika paji la uso lote, kikaacha mashavu na pua, na mgongo wa kiganja ukawa juu, unatazama jua. Yeye akaendelea, anacheka kidogo. "Niliporudi nikaanza kuungua, nikajua Mungu kaniona. Sikumwambia mtu mpaka leo. Ndo nakwambia wewe."

Nikamwambia langu. Nilianza na ukungu, nikamalizia na sharubati mbele ya Bi Asya, sikujipunguzia. Kwa muda niliokuwa nasema, nitakuwa mkweli, niliona nafuu: nusu ya mzigo ni wake. Bila ya jua lake ndimu yangu isingemfanya kitu, na bila ya ndimu yangu angesimama pale seng'engeni mwezi mzima akarudi salama. Tulikuwa wasichana wawili, kila mmoja na uwongo wake, na hakuna aliyejua wa mwenzake. Nasra aliacha kula. Hakunikasirikia. Alikuwa anatazama mahali pengine kabisa.

"Mama alikuwa akiniomba radhi," akasema. "Kila nikipiga simu. Hata mwaka huu wa mwisho, sauti ishakwenda, ananambia, 'Nasra, mwanangu, nisamehe mkono wangu.' Na mie namwambia, 'Nshakusamehe, mama.'" Akajifunika uso kwa mtandio. "Nlimsamehe, Rukia. Mie ndo nlomsamehe yeye."

Nilikaa naye tu, chakula kikapoa. Nilisikia uchungu ambao mazishini sikuusikia, kwa sababu mazishini nilimlilia Shangazi aliyekufa, na sasa nilikuwa nikimlilia Shangazi aliyekuwa hai, aliyenyoosha mkono wake mzima mbele yangu akisema haelewi. Kisha Nasra akainuka kwa taabu, akanawa mikono na uso. "Bi Asya yuko chini?"

"Yuko."

"Twende."

Chumba kilikuwa kimejaa kuliko siku zote, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuvunja matanga, na Bi Asya alikuwa amekaa pale pale kwenye mto wake, ukutani. Nikapenya mpaka mbele yake. "Bi Asya, shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Nikasema, "Singo ile ya Nasra, alotia ndimu ni mie. Shangazi hakukosea." Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kuzungumza. Waliokuwa mbali nao wakaacha, kwa kuona wa karibu wameacha. Bi Asya akaniangalia kwa wema, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Unasemaje? Kahawa imekwisha?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Nikainama nimsemeze sikioni, kisha nikaona kuinama huko ndiko nilikofanya maisha yangu yote. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa ndani ya nyumba ile, mpaka wanaume waliokuwa barazani chini wakakatiza mazungumzo yao: "Singo ya Bi Zuhura ilikuwa nzima! Alomdanganya ni mie!"

Kisha Nasra naye akasema lake, na yeye pia ilimbidi aseme mara mbili.